Mpira Mweusi wa Mwisho: Mashindano ya Snuka ya 1985 na Funzo Lake

Usiku wa Jumapili, tarehe 28 Aprili 1985, katika mji wa Sheffield huko Uingereza, watu wawili walikuwa wakizunguka meza kubwa iliyotandikwa kitambaa cha kijani. Juu ya meza ile ilibaki mipira miwili tu, mmoja mweupe na mmoja mweusi. Watu hao walikuwa wamecheza kwa muda wa siku mbili, na kila mmoja alikuwa amekwisha kushinda michezo 17. Atakayeutia ule mpira mweusi shimoni ndiye atakayekuwa bingwa wa dunia, na mwenzake atakuwa ameshindwa kwa mpira mmoja.

Saa sita ya usiku ilikuwa imekwisha kupita, lakini watu 18,500,000 wa Uingereza walikuwa wangali macho mbele ya televisheni zao. Huku Mombasa ilikuwa imepita saa nane ya usiku, na wengi walikuwa usingizini. Makala hii yaeleza mchezo huo ni mchezo gani, watu hao wawili walikuwa nani, na kwa sababu gani usiku ule haujasahauliwa mpaka leo.

ASILI YA MCHEZO

Vijana wengi wa mjini Mombasa, wa Mwembe Tayari, Majengo na mitaa mingineyo, waujua mchezo wa pool. Snuka ni ndugu wa mchezo huo, lakini ni ndugu mkubwa na mgumu zaidi. Meza ya pool iliyozoeleka mitaani ina urefu wa futi saba hivi. Meza ya snuka ina urefu wa futi 12 na upana wa futi 6. Chini ya kitambaa chake yamelazwa mawe mazito yaliyochongwa yakawa sawasawa kabisa, na kwa ajili hiyo meza nzima huwa na uzito wa zaidi ya tani moja. Mpira wake una upana wa inchi mbili na kidogo, na mashimo ni membamba, hata pigo likienda kombo kidogo tu mpira hugonga midomo ya shimo ukarudi.

Inasimuliwa kwamba mchezo huu ulianzishwa mwaka 1875 katika mji wa Jabalpur, Bara Hindi, na ofisa kijana wa jeshi la Waingereza, jina lake Neville Chamberlain. Huyu si yule waziri mkuu wa Uingereza aliyekuwa na jina hilo hilo. Maofisa walikuwa wamechoka kucheza biliadi ya mipira mitatu, basi wakaongeza mipira ya rangi mbalimbali. Kutoka huko mchezo ulifuata njia za jeshi na za serikali, ukafika Uingereza na makoloni yake. Katika Afrika ya Mashariki ulichezwa zamani katika vilabu vya Wazungu, na Mwafrika aliyeingia humo aghalabu aliingia kwa kazi ya utumishi, wala si kwa kushika fimbo na kucheza. Siku hizo zimepita.

Mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia yalimalizika mwaka 1927 katika mji wa Birmingham. Mshindi alikuwa Bwana Joe Davis, na fungu lake la fedha lilikuwa pauni 6 na shilingi 10. Bwana huyo alishika ubingwa mara 15, asishindwe hata mara moja, mpaka alipojiuzulu katika mashindano hayo baada ya 1946. Tangu mwaka 1977 mashindano yamekuwa yakifanyika Sheffield, katika jumba la michezo ya kuigiza liitwalo Crucible. Jumba hilo ni dogo, na watazamaji huketi karibu sana na meza, hata mchezaji aweza kusikia mtu akikohoa.

HESABU YA MCHEZO

Mtu hawezi kufahamu mambo ya usiku ule asipojua kwanza hesabu ya mchezo wenyewe, nayo si ngumu. Mipira myekundu ni 15, na kila mmoja una pointi 1. Mipira ya rangi nyingine ni sita: wa njano una pointi 2, wa kijani 3, wa kahawia 4, wa buluu 5, wa waridi 6, na mweusi 7. Mpira mweupe ndio upigwao kwa fimbo ili ugonge mingine.

Mchezaji hutia kwanza mpira mwekundu shimoni, kisha mmoja wa rangi, kisha mwekundu tena, na kuendelea hivyo mpaka akose. Akikosa, mwenzake hushika zamu. Mpira mwekundu ukiingia hautolewi tena. Mpira wa rangi hutolewa ukarudishwa mahali pake. Mipira myekundu ikiisha yote, ile ya rangi hutiwa kwa taratibu, kuanzia wa njano hata mweusi, na hapo hairudishwi tena. Mwenye pointi nyingi ndiye aliyeshinda mchezo huo mmoja, ambao huitwa fremu.

Lakini kazi ya mchezaji si kutia mipira tu. Akiona hana njia ya kutia, huuficha mpira mweupe nyuma ya mpira mwingine, ili adui yake asiweze kuugonga mpira unaotakiwa kwa njia iliyonyoka. Hila hiyo ndiyo iitwayo snuka. Akiukosa, adui hutozwa pointi, nazo hupewa yule aliyemtega. Kwa hiyo mchezo huu ni wa mkono na wa akili kwa pamoja. Wenye kuujua mchezo wa bao wataelewa upesi: mchezaji mzuri hatazami pigo lililo mbele yake tu, bali hutazama mapigo matatu au manne yatakayofuata.

Katika fainali ya mwaka 1985 fremu zilikuwa 35, na aliyetangulia kushinda 18 ndiye bingwa. Zawadi ya mshindi ilikuwa pauni 60,000, na ya mwenzake pauni 35,000.

WACHEZAJI WAWILI

Bwana Steve Davis, mzaliwa wa London, alikuwa na umri wa miaka 27. Yeye si jamaa ya yule Joe Davis wa zamani, ingawa majina yao yamefanana. Alikuwa ameshika ubingwa wa dunia mwaka 1981, na 1983, na 1984, na katika orodha ya wachezaji wa dunia jina lake lilikuwa la kwanza. Mwaka 1982, mbele ya televisheni, alipata pointi 147 kwa zamu moja bila kukosa, nazo ndizo nyingi kuliko zote katika desturi ya mchezo. Sifa yake kubwa ilikuwa utulivu. Uso wake haukuonyesha furaha wala hofu, na makosa yake yalikuwa machache, hata wengine wakasema kwamba anacheza kama mashine. Katika nusu fainali alimshinda bingwa wa zamani, Bwana Ray Reardon, kwa fremu 16 kwa 5.

Bwana Dennis Taylor alikuwa na miaka 36. Alizaliwa katika mji mdogo wa Coalisland, katika Ireland ya Kaskazini, nchi ambayo miaka ile ilikuwa na fitina na umwagaji wa damu baina ya Wakatoliki na Waprotestanti. Watu walimpenda kwa ucheshi wake, lakini ubingwa wa dunia hakuwa ameupata. Mwaka 1979 alifika fainali akashindwa na Bwana Terry Griffiths wa Wales, fremu 24 kwa 16. Mwaka 1984 mama yake alifariki dunia, naye akajitoa katika mashindano aliyokuwamo kwa ajili ya msiba. Hata hivyo, muda si mrefu baadaye alishinda mashindano makubwa ya Grand Prix, na watu wakaanza kumtazama kwa jicho jingine. Mwaka 1985 alipata nafasi ya fainali kwa kumshinda Bwana Tony Knowles, fremu 16 kwa 5.

Jambo jingine lililomtambulisha ni miwani yake. Mchezaji wa snuka huinama mpaka kidevu kikakaribia kugusa fimbo, na hapo macho yake hutazama juu. Mwenye miwani ya kawaida hujikuta anatazama nje ya vioo. Basi fundi mmoja ajuaye mchezo huu, Bwana Jack Karnehm, alimtengenezea miwani yenye vioo vikubwa vilivyopanda juu hata kupita nyusi, na mikono yake imefungwa upande wa chini. Aliyeiona kwa mara ya kwanza alidhani kwamba Bwana Taylor ameivaa juu chini. Watu walicheka, lakini miwani ile ilimwezesha kuona mipira ya mbali vizuri.

SIKU YA KWANZA

Fainali ilianza Jumamosi, tarehe 27 Aprili. Bwana Davis alianza kwa nguvu kubwa. Alishinda fremu ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, akaendelea hivyo hata akawa na fremu 8, hali mwenzake hana hata moja. Watazamaji wengi waliona kwamba mambo yamekwisha, kwa sababu Bwana Davis hakuwa mtu wa kuachia kitu alichokwisha kukishika.

Katika fremu ya tisa Bwana Davis alijaribu kuutia mpira wa kijani, ukakataa kuingia. Kosa hilo lilikuwa dogo, na katika hali ile hakuna aliyelitia maanani sana. Bwana Taylor alishika zamu, akashinda fremu hiyo. Kisha akashinda nyingine, na nyingine tena. Siku ilipokwisha hesabu ilikuwa 9 kwa 7. Yaani, mtu ambaye mwanzo alishindwa fremu nane mfululizo, sasa ameshinda saba kati ya nane zilizofuata.

Hapo wasomaji waangalie jambo moja. Bwana Taylor hakubadili mchezo wake kwa pupa ili arudishe fremu nane kwa mara moja. Alicheza fremu moja, na baada ya hiyo akacheza nyingine. Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba.

SIKU YA PILI

Siku ya Jumapili Bwana Taylor aliendelea kumfuata mwenzake kama kivuli. Walifika 11 kwa 11. Bwana Davis akatangulia tena, 13 kwa 11, na usiku akafika 15 kwa 12. Baadaye akawa na 17 kwa 15, na sasa alihitaji fremu moja tu. Kwa upande wa Bwana Taylor, kosa moja kubwa lingetosha kummaliza. Alishinda fremu ya 33, akashinda na ya 34. Hesabu ikawa 17 kwa 17, na katika siku zote mbili Bwana Taylor alikuwa hajatangulia hata mara moja.

FREMU YA 35

Fremu ya mwisho ilichukua dakika 68, muda ambao mchezaji hodari aweza kumaliza fremu nne au zaidi. Sababu yake yaeleweka. Kila mmoja aliogopa kufanya kosa, na badala ya kujaribu mapigo ya hatari walifichiana mpira mweupe na kuurudisha mbali, kama wavuvi wawili wanaongojea maji yajae, wala hakuna atakaye kutangulia kutia ngalawa baharini. Mikono iliyokuwa imara siku mbili sasa ilianza kuwa mizito.

Hatimaye mipira ya rangi ilibaki minne: wa kahawia, wa buluu, wa waridi na mweusi. Bwana Davis alikuwa na pointi 62, Bwana Taylor 44. Mipira ile minne ilikuwa na jumla ya pointi 22, na tofauti yao ilikuwa 18. Basi kama Bwana Davis angeutia ule wa kahawia peke yake, angekuwa na 66, na pointi 18 zilizobaki zisingemtosha mwenzake bila ya kutega mitego. Lakini Bwana Taylor akiitia yote minne angepata 66 dhidi ya 62. Hakuwa na nafasi ya kuacha hata mmoja.

Bwana Taylor aliupiga mpira wa kahawia kutoka mbali, katika pigo ambalo wachezaji wengi wangeliogopa saa ile, nao ukaingia. Akawa na 48. Akautia wa buluu, akawa na 53. Akautia wa waridi, akawa na 59. Sasa tofauti ilikuwa pointi 3, na mpira mweusi una pointi 7. Siku mbili za kazi zilikuwa zimekusanyika ndani ya mpira mmoja.

Bwana Taylor alijaribu kwanza kuugongesha mpira mweusi ukingoni ili urudi na kuvuka meza mpaka shimo la katikati. Pigo hilo ni gumu. Halikufaulu, lakini mpira ulisimama mahali ambapo Bwana Davis hakuweza kuutia. Walibadilishana zamu, kila mmoja akijaribu au kujilinda. Jumba lilijaa sauti za watu wakivuta pumzi kila mpira ulipokaribia shimo, na kila ulipokosa.

Kisha Bwana Davis akapata nafasi. Mpira mweusi ulikuwa karibu na shimo la pembeni, nao ulitaka kuguswa ubavuni kidogo tu. Kwa mchezaji kama yeye, siku nyingine yoyote lingekuwa pigo la kawaida. Alilenga, akapiga, akaugusa mpira kwa wembamba kupita kiasi. Haukuingia, nao ulisimama mahali pazuri kwa adui yake.

Bwana Taylor aliinama, akaupiga, mpira mweusi ukaingia. Pointi 66 kwa 62. Fremu 18 kwa 17. Aliinua fimbo yake juu ya kichwa kwa mikono miwili, akatikisa kidole kuwaelekea rafiki zake waliokuwa wakitazama, na alipokabidhiwa kikombe alikibusu. Ile ndiyo mara ya kwanza kutangulia katika fainali nzima, nayo ilikuwa dakika ya mwisho.

Bwana Davis alikaa kitini pake, uso umempauka. Alipoulizwa maswali mbele ya televisheni alijibu kwa maneno machache, wala hakulaumu meza, mwamuzi au bahati. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na yeye alikubali, ingawa ilionekana wazi kuwa jambo hilo lilimwuma.

KWA NINI WATU WENGI WALITAZAMA

Huenda msomaji akashangaa kwamba watu milioni nyingi walikesha kwa ajili ya mipira juu ya meza. Sababu moja ni televisheni yenyewe. Mwaka 1969 shirika la BBC lilianza kipindi cha snuka kiitwacho Pot Black, kusudi watu waone uzuri wa televisheni ya rangi, iliyokuwa mpya wakati ule. Mchezo huu ulifaa sana, kwani mtazamaji asiyeona rangi hawezi kuufuata. Tena meza nzima yaingia katika picha moja, na uso wa mchezaji huonekana kwa karibu, na wasiwasi wake pia. Idadi ya watazamaji wa usiku ule ilivunja rekodi ya idhaa ya BBC2, na pia rekodi ya kipindi chochote kilichotazamwa Uingereza baada ya saa sita ya usiku.

YALIYOFUATA

Bwana Taylor alipokewa kwa shangwe kubwa alipofika kwao Coalisland, na kwa muda kidogo nchi yenye majonzi ilipata habari ya kufurahia. Hakushinda ubingwa wa dunia tena. Mwaka 1986 alitolewa katika duru ya kwanza. Bwana Davis alifika fainali ya mwaka huo akashindwa mara ya pili mfululizo, safari hii na Bwana Joe Johnson, 18 kwa 12. Wengi wangalikata tamaa. Yeye alirudi mazoezini, akashinda mwaka 1987, na 1988, na 1989, akatimiza ubingwa mara sita. Mwaka 2010, miaka 25 ilipotimia, watu hao wawili walirudi Crucible wakaicheza tena ile fremu ya mwisho kwa mzaha, mbele ya watu waliocheka na kupiga makofi.

FUNZO

Wazee wa Mombasa husimulia kwamba jina la Mwembe Tayari lilitokana na mwembe ambao chini yake wapagazi wa misafara ya zamani walikusanyika kabla ya kwenda bara, kila mtu na mzigo wake, mpaka wote wakawa tayari. Msafara ulikuwa na safari ya miezi, na mpagazi hakuulizwa kama atafika mbele ya wenzake siku ya kwanza. Aliulizwa kama ataweza kuamka kila asubuhi na kuubeba tena mzigo wake.

Ndivyo alivyofanya Bwana Taylor. Nyuma kwa fremu nane, alikuwa tayari kwa ya tisa. Nyuma kwa pointi 18, alikuwa tayari kwa mpira wa kahawia. Na Bwana Davis, aliyeshindwa mbele ya mamilioni, alikuwa tayari kuanza upya, akavuna matunda yake baada ya miaka miwili. Mwanafunzi aliyeshindwa mtihani, mkulima ambaye mvua imemkosa msimu mmoja, na timu ambayo imefungwa mabao kabla ya mapumziko, wote waweza kuitumia hesabu hii: kwanza tazama ni mipira mingapi iliyobaki juu ya meza, ndipo useme kama mchezo umekwisha.